Kumi Hadi Moja: Kisu Hukata Tumbo, Kinachotulia ni Ubongo

Ukifika kwa mtu Tukuyu, wilayani Rungwe, huulizwi kama una njaa. Sahani inakuja, ndizi zimerundikwa, maharage yamemwagwa juu yake, na mwenye nyumba amesimama pembeni akihakikisha unaitendea haki. Ndiyo maana nimeichagua Rungwe kuzungumzia upasuaji wa kupunguza uzito. Hapa kukataa sahani ya pili kunahitaji maelezo ya kutosha kujaza kikao cha ukoo. Na sayansi ya upasuaji huu imefichua jambo ambalo kila mpenda kumtania mnene anapaswa kulisikia kabla hajafungua mdomo tena: mkasi hufanya kazi tumboni, lakini badiliko kubwa hutokea kichwani. Tuhesabu kurudi nyuma. Kutania ruksa, mradi mtaniaji awe na habari kamili.

10. Fundi anafanya nini humo ndani?

Njia mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika ya kwanza, tumbo la chakula hukatwa kwa urefu, likabaki jembamba mithili ya mrija, na kiasi cha robo tatu au zaidi hutolewa nje kabisa. Katika ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Njia hiyo ya mchepuko ilianzishwa na Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Mtindo wa kuunganisha utumbo kwa umbo la herufi Y, ambao ndio unaotumika sana leo, una jina la César Roux, daktari wa Uswisi aliyefanya kazi muda mrefu kabla yake.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba siri yote ni udogo. Kifuko kidogo, mlo mdogo, mambo yamekwisha. Mama ntilie yeyote wa stendi ya Tukuyu angeweza kuwaonya: sahani ndogo haijawahi kumzuia mteja kuomba nyongeza.

9. Nchi ya shibe nayo ina uzito wake

Hebu tutazame mazingira. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, udongo ni wa volkano, na mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Sokoni Kiwira mikungu ya ndizi imepangwa ikingoja malori. Kuna viazi mviringo, kuna maziwa, kuna parachichi zinazosafiri hadi ng'ambo, kuna chai ya Katumba, na ukishuka kidogo tu jirani yetu Kyela anakungoja na mchele wake. Bibi zetu walikula vizuri pia, lakini walipandisha miteremko hiyo na mzigo kichwani, asubuhi na jioni.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha tulipofika. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Ni miaka mitano tu hapo katikati.

Mlima haujashuka. Ni sisi tuliopanda bodaboda.

8. Homoni inayodai chakula

Mwaka 1999, Wajapani wawili, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, walitangaza kuwa wamegundua homoni inayotoka tumboni. Inaitwa ghrelini. Hupanda kwenye damu kabla ya mlo, ikafika kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo inayosimamia njaa, kiu na joto la mwili, na hushuka ukishakula. Ghrelini ni kama mtoto aliyetoka shule: haingojei upakue, inaanza kudai ukiwa bado unawasha moto.

Sasa sikiliza. Sehemu ya tumbo inayotoa ghrelini kwa wingi ni ile ya juu, na katika njia ya kwanza niliyoieleza, sehemu hiyo ndiyo inayokatwa na kutupwa. Baada ya upasuaji kiwango cha ghrelini hushuka sana. Wagonjwa wengi husema jambo linalofanana: walikuwa wakiwaza chakula tangu alfajiri, na sasa inafika saa saba mchana wakiwa hawajakumbuka. Aliyefanyiwa hivyo hakupewa nidhamu mpya wodini. Aliondolewa mdai.

7. "Si ujikaze tu!"

Shangazi, nakusikia mpaka hapa. Mtu apunguze chakula, ajikaze, kwani wengine wanawezaje?

Mwaka 2002, David Cummings na wenzake wa Seattle walipima ghrelini ya watu wanene waliopungua kwa mpango wa chakula. Walikuwa wamepoteza asilimia 17 ya uzito wao, jambo la kupigiwa makofi. Ghrelini yao nayo ilikuwa imepanda kwa asilimia 24. Yaani kadiri walivyofanikiwa, ndivyo mwili ulivyozidi kudai. Watu waliofanyiwa upasuaji wa mchepuko, ambao nao walikuwa wamepungua sana, walikuwa na ghrelini ya chini mno.

Kuna pia leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili, iliyogunduliwa na Jeffrey Friedman na kundi lake New York mwaka 1994. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo husoma upungufu huo kuwa ni baa la njaa. Ubongo haujui kwamba sokoni Kiwira ndizi bado zimejaa.

Na kama bado huamini, kuna jaribio la Minnesota la Ancel Keys lililoanza mwishoni mwa 1944. Vijana wa kiume 36, wenye afya, waliojitolea wenyewe, walikubali kula nusu ya kawaida yao kwa miezi sita ili wanasayansi wajifunze namna ya kuwahudumia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Hawakuwa wanene. Hawakuwa wavivu. Lakini ilifika mahali wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama magazeti, wanaota chakula usiku, wanalamba sahani. Akili nzima ilihamia jikoni.

Kwa hiyo shangazi, mtu aliyejikaza kwa miezi minane kisha akashindwa alikuwa anasukumana na mwili wake mwenyewe kila siku, na mwili haupumziki Jumapili. Mimi huyo ninamheshimu.

6. Puto la Mloganzila

Hapa nyumbani, habari iliyosikika zaidi ni ya puto. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, Dar es Salaam, huwawekea wagonjwa puto maalumu tumboni. Linapitishwa mdomoni bila kuchana ngozi, linajazwa likiwa ndani, linakaa miezi kadhaa, kisha linatolewa. Watanzania walikuwa pia wamechangamka kuhusu chakula, kwa sababu Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani, aliwafanya watu wabishane vijiweni kuhusu sukari, wanga na idadi ya milo. Nafurahi alifanya hivyo. Kijiwe kinachobishana kuhusu insulini kimepiga hatua.

Puto linafanya nini kwa ubongo? Linachukua nafasi na kutanua kuta za tumbo. Mishipa ya fahamu kwenye kuta hizo hupeleka taarifa juu kupitia neva ya vagasi kwamba tumejaa. Inasaidia. Lakini ile sehemu ya juu inayotoa ghrelini bado ipo salama, na chakula bado kinapita njia yake ya siku zote. Ndiyo maana miezi ya puto inapaswa kuwa miezi ya kujenga mazoea mapya, siyo ya kungoja muujiza. Puto lina tarehe ya kuondoka. Hamu ya kula haikualikwa kwenye kikao kilichopanga tarehe hiyo.

Kwa mtu wa Tukuyu, safari ni kupita Uyole kisha zaidi ya kilomita 800 hadi Dar. Ukimwona jirani amefunga safari hiyo, usiulize kwa kejeli anafuata nini.

5. Shibe inatoka chini

Mwisho wa utumbo mwembamba kuna chembe zinazotoa homoni za shibe. Maarufu kati yake ni GLP-1. Kwa kawaida chakula huchelewa kufika huko, tena kikiwa kimeshasagika. Baada ya upasuaji wa mchepuko kinafika mapema na kwa wingi, na GLP-1 hupanda mara kadhaa kuliko zamani. Ubongo hupata taarifa ya shibe mtu akiwa amekula vijiko vichache.

Homoni hiyo pia huisukuma kongosho kutoa insulini. Mwaka 1995 Walter Pories wa North Carolina alichapisha matokeo ya wagonjwa wake: katika wale waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, asilimia 83 walikuwa wamerudi kwenye sukari ya kawaida, na sukari ilianza kushuka ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua kwa maana. Kichwa cha makala yake kilikuwa swali la mshangao, na alikuwa na haki ya kushangaa.

Sasa utani wenyewe. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alitangaza kuwa amepata kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa jangwa la Marekani kemikali inayofanana na GLP-1, isipokuwa inadumu zaidi mwilini. Ikazaa dawa iliyoidhinishwa mwaka 2005, na nyuma yake zikafuata dawa nyingine zinazoiga homoni hiyo, ikiwemo semaglutide ambayo dunia inaijua kwa jina la Ozempic. Mjusi anayekula mara chache kwa mwaka ndiye aliyewaonyesha madaktari njia ya shibe. Wa kwetu wa darini, nao tuwape muda.

4. Chai yenye vijiko vinne

Aliyefanyiwa mchepuko anywe chai ya maziwa iliyokolezwa sukari kama tunavyoipenda huku kwenye baridi, aone. Sukari inamwagika utumboni kwa kishindo. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, kichwa kinazunguka, anatafuta pa kujilaza. Ubongo una kumbukumbu nzuri sana kwa mambo ya aina hii: mara mbili tatu tu, na harufu ya chapati za mafuta au soda haimwiti tena kwa jina.

Lakini adhabu hiyo haielezi yote, maana wapo wasioipata kamwe na bado ladha zao zinabadilika. Vitu vitamu vinakuwa vitamu kupita kiasi. Mafuta yanakinaisha. Mwaka 2011 Carel le Roux na wenzake walionyesha hivyo hata kwa panya: panya waliofanyiwa mchepuko walipunguza wenyewe chakula cha mafuta, na mafuta yalipopelekwa moja kwa moja tumboni mwao walianza kukwepa ladha iliyoambatana nayo.

Napenda sana ushahidi wa panya. Panya hana harusi ya kuwahi, hana nguo iliyombana, na hakuna mawifi wanaomsema. Alikula kidogo kwa sababu ubongo wake ulibadilishiwa taarifa.

3. Kikombe kimoja, si kama zamani

Hapa nitatania kidogo tu. Baada ya mchepuko, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu zaidi. Utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za Marekani na kuchapishwa mwaka 2012, uliohusisha watu wapatao elfu mbili, ulikuta kwamba waliokuwa na tatizo la ulevi walikuwa asilimia 7.6 mwaka wa kabla ya upasuaji na asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Ongezeko linaonekana dogo mpaka liingie nyumbani kwako. Sababu haijakaa tumboni peke yake: starehe ya chakula na starehe ya pombe hupita njia moja kichwani, ile ya kemikali iitwayo dopamini, na chakula kikipungukiwa utamu, kinywaji kiko karibu.

Basi mzee aliyezoea pombe ya kimpumu akirudi kutoka hospitali na kikombe kimoja kikamlaza, asichekwe. Apelekwe nyumbani, na kesho yake aambiwe na rafiki anayemwamini kwamba tumbo lake jipya halina mzaha na pombe.

2. Daktari anabaki Dar, tumbo linarudi Tukuyu

Anayekwenda kufanyiwa upasuaji huu Dar, Nairobi au India anarudi na kazi ya maisha yote. Kwa kuwa chakula ni kidogo na sehemu ya njia imerukwa, vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu hupungua. Vidonge vyake havina siku ya kumalizika. Hatari zaidi ni mtu anayetapika wiki nyingi baada ya upasuaji: vitamini B1 ikiisha, ubongo unaweza kuumia kwa namna isiyorudi. Mtu huchanganyikiwa, macho yanacheza, anatembea akiyumba. Nyumbani wataanza kusema amerogwa. Apelekwe hospitali ya Makandana au ya Igogwe siku hiyo hiyo, na neno la kwanza mlangoni liwe: huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Muuguzi akilijua hilo mapema atajua pa kuanzia.

Na uzito? Watafiti wa Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia wagonjwa wanene, waliofanyiwa upasuaji na wasiofanyiwa. Baada ya miaka kumi, waliofanyiwa mchepuko walikuwa bado chini kwa asilimia 25 ya uzito wao wa awali. Walikuwa wamerudisha kidogo, maana hamu hurejea polepole na mwili hujifunza. Lakini vifo katika kundi la upasuaji kwa jumla vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 29. Akirudisha kilo tano, msimwambie amepoteza hela bure. Hesabuni miaka.

1. Watu wawili, uzito mmoja, picha ileile ya chakula

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2014 Tony Goldstone na wenzake wa Imperial College, London, walichapisha utafiti uliolinganisha makundi mawili. Kundi moja lilifanyiwa mchepuko. Lingine lilivalishwa mkanda unaobana sehemu ya juu ya tumbo. Wote walikuwa wamepungua, na uzito wao ulikuwa unakaribiana. Wakalazwa ndani ya mashine inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, kisha wakaonyeshwa picha za vyakula.

Waliofanyiwa mchepuko, sehemu za ubongo zinazohusika na tamaa na starehe ziliitikia kwa unyonge zaidi, hasa walipoona vyakula vyenye mafuta na sukari nyingi. Hawakuviona vitamu kiasi hicho, na hata mezani walikula mafuta kidogo kuliko wenzao. Wenye mkanda walikuwa na tumbo lililobanwa vilevile, lakini kwao picha ziliendelea kuwasha moto ule ule. Ikiwa wote wamepungua, na wote hawana nafasi tumboni, tofauti imetoka wapi? Imetoka kwenye njia ya chakula na homoni zinazopanda kutoka huko kwenda kichwani. Nia njema walikuwa nayo wote.

Ndiyo maana ninakasirika, kwa dhati kabisa, ninaposikia mnene akiitwa mroho mbele ya watoto wake, au mafuta ya tumbo lake yakiitwa nyama uzembe. Hamu unayoishinda wewe kwa urahisi huenda haijawahi kukupigia kelele kama inavyompigia yeye.

Kisha kuna upande wa pili ambao hospitali haiwezi kuufanyia upasuaji, nao ni sisi wenyeji. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa wa huku kwetu miaka ya 1930, aliandika kuhusu vijiji vya rika ambamo wanaume wa umri mmoja walikula pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kula kulikuwa ndiyo urafiki wenyewe. Vijiji vile vimepita, lakini nenda msibani au kwenye ubarikio leo uone kama tabia imepita. Sasa fikiria mtu aliyerudi kwenye ukumbi huo na ubongo usiozitamani ndizi za mbalaga alizozipenda tangu utoto. Wapo wanaolia kwa hilo. Chakula ndicho kilichokuwa mwenza wao wa jioni, na mwenza huyo ameondoka kabla wao hawajapata mwingine.

Kwa hiyo wenye nyumba, hapa ndipo ukarimu wetu unapopewa mtihani mpya, na ninaamini tutafaulu. Mpeni kisahani cha chai badala ya sinia. Aanze na yai, samaki, maharage au nyama laini, ndizi zifuate kama nafasi ipo. Maji anywe kabla au baadaye, asiyachanganye na mlo. Atafune taratibu, na asiulizwe kila dakika mbona hali. Akisema ameshiba kwa vijiko vitano, aminini. Sahani ichukuliwe, maongezi yaendelee. Kiti chake kibaki palepale katikati ya wenzake, na zamu ya kuchekesha watu ikifika, aulizwe yeye kwanza, maana huyo ana hadithi ya mashine, mjusi na panya ambayo ukumbi mzima haujawahi kuisikia.